Dole la Bi Moza

Nilimsomea mama yangu karatasi moja, nikambonyezesha dole gumba kwenye nyingine. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia kabla hajajua anamhurumia nani.

Mama yangu, Bi Moza, haoni. Presha ya macho ilimzima jicho la kushoto kwanza, mwaka uliofuata la kulia, na tangu hapo mimi Ummy, binti yake wa pekee, ndiye macho yake. Nikirudi jioni kutoka Mchikichini, ninakouza mitumba ya watoto, namkuta barazani kwetu Gerezani na kisimu chake cha batani mkononi, kimejaa meseji za kutwa nzima. Namsomea zote. Namsomea hata zile za bahati nasibu zinazomwambia anakaribia kushinda pikipiki, maana hizo huzipenda. Husema, "Wajibu, waambie pikipiki mimi nitapandaje? Wanipe bajaji." Miaka minne nimemsomea, na hajawahi hata siku moja kuniuliza kama kweli ndivyo ilivyoandikwa.

Basi huyo ndiye niliyemdanganya, kwa ajili ya mwanamume anayekaanga vitunguu.

Tarsis alihamia nyumba ya ukuta kwa ukuta na yetu mwezi wa kwanza. Ni Mchaga wa Kibosho, mrefu, mpole wa maneno, mwenye alama za mafuta ya moto mikononi. Zamani alikuwa akiwapikia mafundi wa gereji chini ya turubai, na kwa kuwa wanawake wa kazi ile huitwa mama ntilie, mafundi wakamwita Baba Ntilie, jina likamganda. Sasa alikuwa amepanga vyumba viwili vya mbele afungue mgahawa wake mwenyewe. Supu na chapati asubuhi, ndizi nyama na wali mchana, meza sita, basi.

Mimi nina miaka thelathini na moja. Nimeolewa, nimeachika, nimerudi kwa mama na sanduku langu lile lile. Nilijiambia mambo ya kutazamana yamenipita, kumbe yalikuwa yanajipanga upande wa pili wa ukuta. Kila asubuhi Tarsis humenya ndizi uani kwake, mimi nafua uani kwetu, na ukuta wenyewe unaishia kifuani.

"Umeamkaje, jirani?"

"Salama, jirani."

Miezi mitano hatukuwahi kuvuka hapo, labda la kuombana chumvi na la maji kukatika. Lakini alivyokuwa akilitamka hilo neno, nilikuwa nikirudi ndani nimeziacha nguo kwenye beseni.

Nyumba aliyopanga imeandikishwa kuwa ya makazi. Ili apike na kuuza pale ilibidi kipatikane kibali cha kubadili matumizi, iwe ya makazi na biashara. Tangazo likabandikwa ukutani, na ikaletwa fomu ya ridhaa isainiwe na majirani wote wanne wanaopakana naye. Watatu wakasaini upesi, maana walishaionja supu yake. Wa nne ni mama.

Mtu ataniuliza, si ungemwomba tu mama yako? Ningemwomba vipi? Mama tangu macho yazime amebaki na sikio, na sikio lake linasikia mtu akimeza mate. Nilijua nikitamka tu, "Mama, Tarsis anaomba dole lako," atayasikia yote yaliyo nyuma ya hilo jina. Mwanamke aliyeachika, binti wa nyumba ya Kiislamu, anamtamka kijana wa Kikristo kwa sauti ile. Niliona haya. Uso umeumbwa na haya, walisema wazee, ila hawakusema haya zenyewe zinaweza kumfikisha mtu wapi.

Wiki hiyo hiyo mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa anakusanya sahihi za barua ya mtaro, ule unaotapika mvua ikinyesha, na kwa kuwa Tarsis hushinda nyumbani, akamkabidhi yeye aizungushe. Tarsis akanipitishia karatasi zote mbili juu ya ukuta. "Mwombe mama, jirani. Akikataa, hamna neno, nitaelewa." Nikaingia nazo ndani. Nikamsomea mama ya mtaro, neno kwa neno, nikamsogezea ya mgahawa. Akabonyeza dole lake huku akimlaani aliyeutupia mtaro godoro.

Ya mtaro nikairudisha haina dole, nikamwambia Tarsis mama atatia siku nyingine. Ya mgahawa nikamwambia, "Amekubali." Mwanaume yule alifumba macho, akasema, "Mungu ambariki mama yako." Nami nikaitikia amina.

Siku ya tano, Jumatatu, akaleta bakuli la mtori, ile supu ya ndizi ya kwao, mzito, una harufu ya giligilani. Mama alikula hadi akafuta bakuli kwa kidole. Mjomba wangu Abdulmalik, mdogo wake mama, mwenye duka la viungo Kariakoo, alikuwepo siku hiyo barazani. Tarsis akainama kidogo mbele ya mama, akasema, "Nashukuru sana, mama, kwa kunipa ridhaa yako."

"Ridhaa ya nini, mwanangu?" mama akauliza.

Mimi nilikuwa nimeshika glasi ya maji. Tarsis alinitazama. Mimi nikaitazama glasi.

Mjomba hakungoja maji yapoe. Kesho yake alikuwa ofisi ya serikali ya mtaa kumshitaki jirani kwamba amemtapeli kipofu. Tukaitwa wote Alhamisi, saa nne asubuhi. Siku tatu zikapita, na mimi ulimi wangu nimeukalia.

Ofisi ile ni chumba kimoja, feni yake inazunguka ikijisikia. Bi Caroline, mtendaji wetu wa mtaa, alikaa nyuma ya meza na karatasi zote mbili mbele yake. Watu waliokuja kuomba barua za utambulisho walijaa benchi la nyuma, na hawakuficha kwamba barua zao zinaweza kusubiri. Mimi na mama tulikaa benchi la mbele, mkono wake juu ya goti langu. Tarsis alisimama dirishani. Alikuwa amevaa shati la kwendea kanisani, limepigwa pasi hadi mikono. Hilo shati ndilo lililonimaliza.

"Bi Moza, shikamoo," alianza Bi Caroline.

"Marahaba, mwanangu."

"Kwenye fomu hii ya mgahawa pana dole gumba, limeandikwa ni lako. Ulilitia?"

"Dole nilitia, Jumatano ya wiki iliyopita. Lakini nilitia kwa ajili ya mtaro."

"Barua ya mtaro ninayo hapa, haina dole lako."

"Umeona!" Mjomba alipiga paja. "Amezibadilisha! Karatasi zote mbili zilikuwa mikononi mwa huyu Mangi wa Kichaga. Dada yangu haoni, akaona hapo ndipo pa kupenya. Leo dole la mgahawa, kesho dole la nyumba!"

"Mzee Abdulmalik, subiri kidogo. Bi Moza, nani alikusomea?"

"Binti yangu."

"Alikusomea nini?"

"Alinisomea mtaro," mama alisema, na akanipapasa goti. "Na huyu hawezi kunisomea uongo. Andika hivyo. Yeye ndiye macho yangu, na macho hayamwibii mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni sakafu ya saruji ile. Nilijua wakati wa kusema ndio huo, na nikatazama kucha zangu kama mtu anayetafuta rangi ya kupaka.

Bi Caroline akamgeukia Tarsis. "Kaka, una la kusema? Karatasi zilifikaje kwa Bi Moza?"

Tarsis alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo baya. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayesitasita mlangoni, unaingia au huingii? Nami nikabaki nje. Akashusha pumzi.

"Karatasi zote mbili nilizitoa mimi," alisema. "Kama zilichanganyika, zimechanganyikia kwangu. Kosa ni langu. Mama, nisamehe."

"Anakiri!" Mjomba akasema.

"Mimi nilikula chakula chako," mama alimwambia taratibu, uso wake ukitafuta sauti ilikotoka. "Nikakuombea dua. Nikamwambia Ummy, tumepata jirani. Kumbe ulikuwa unanipoza?"

Bi Caroline akaifunua kalamu yake. Nilijua anachokwenda kuandika. Faili lile lingetoka hapo na neno la udanganyifu juu yake, na neno hilo lingemfuata Tarsis kila atakapobisha hodi Dar es Salaam nzima, yeye na masufuria yake.

"Siyo yeye," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo. Mama akageuka. "Nani huyo?"

"Mimi, mama. Hakubadilisha kitu. Mimi ndiye niliyekusomea ya mtaro, nikakusogezea ya mgahawa. Nilifanya makusudi."

Benchi la nyuma mtu akasema, "Salaaale!" Mkono wa mama ulibaki kwenye goti langu kitambo kidogo, kama haujapata habari. Kisha akauondoa, akauweka mapajani mwake mwenyewe.

"Ulinisomea mtaro," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na haukuwa mtaro."

"Haukuwa."

"Astaghfirullah!" Mjomba alisimama. "Amekupa nini huyu mtu? Sema hapa hapa! Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, mjomba."

"Abdulmalik, kaa," mama alisema. Akanigeuzia tena uso. "Ummy, kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo, limesimama kooni. Lakini mjomba alikuwa hapo, na benchi la nyuma lilikuwa hapo, na Tarsis mwenyewe hapo dirishani na shati lake, hajawahi kuniambia neno zaidi ya jirani. Ningesema vipi mbele yake kwamba nimeiba dole la mama yangu kwa sababu yake, wakati hajaniomba hata kumpenda?

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui."

"Haya. Ukijua utaniambia."

Bi Caroline akalikata dole lile kwa mstari mwekundu, akatoa fomu mpya. "Kesho Ijumaa saa sita faili linatoka hapa kwenda halmashauri," alisema. "Bila ridhaa ya jirani wa nne litarudi kama lilivyokwenda. Bi Moza, ni hiari yako, usilazimishwe na mtu. Kaka, fomu hii hapa. Safari hii ipeleke mwenyewe."

Mama aliondoka ameshika mkono wa mjomba. Miaka minne sikuwahi kumwona akitembea kwa mkono wa mtu mwingine.

Nilimfikia Tarsis nje, kwenye kona ya maduka ya vipuri. Basi la mwendokasi lilipita likameza salamu yangu, ikabidi niirudie. Hakuitikia.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua Jumatatu. Ulipoitazama ile glasi."

"Mbona hukunisema?"

"Ningesema nini? Kwamba binti wa watu amemdanganya mama yake kwa ajili ya meza zangu sita? Unajua wangesema nini juu yako mtaa huu?"

"Kwa hiyo ukaamua uitwe tapeli wewe."

"Mimi nilikuwa nakungoja, Ummy. Siku tatu. Najiambia leo atasema, leo atasema."

Siku zote aliniita jirani. Jina langu nililisikia kinywani mwake kwa mara ya kwanza siku hiyo, na lilikuwa na hasira. Machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa.

"Nilitaka usifungiwe mgahawa," nilisema.

"Mgahawa wangu ungesimama juu ya nini? Mama wa watu amekula mtori wangu, akaniombea Mungu, na hajui ameniridhia. Aisee, bora angenikatalia. Nilikwambia akikataa nitaelewa."

"Nisamehe."

"Mimi siyo wa kwanza kwenye foleni hiyo." Alitembea hatua mbili, akarudi. "Halafu ukamwambia hujui."

"Ulitaka niseme nini mbele za watu wote wale?"

"Sikutaka useme mbele za watu. Nilitaka kujua kama lipo la kusema."

Akaenda zake. Nami nikabaki kwenye kona na muuza bolti akinitazama, akaniuliza kwa heshima kama natafuta saizi gani.

Nyumbani nilipika wali na mchicha wa nazi. Mama hakugusa. Hakunigombeza pia, na ningelipa chochote anigombeze. Alikaa barazani mjomba akimhubiria kuhusu watu wa kuja, hadi akamwambia, "Abdulmalik, nenda dukani kwako, iliki zitaota." Mjomba akaenda. Alasiri ikaingia, mama akaswali, akatoka tena barazani. Kisimu kikalia. Nilijifuta mikono, nikatoka mbio kama siku zote, nikakinyooshea mkono.

"Acha," mama alisema. Alikuwa amekikumbatia kifuani. Akapaza sauti, "Tarsis! Jirani!"

Nilirudi nyuma ya pazia la mlango kama mwivi. Tarsis akaja, akavua viatu, akaamkia. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Kaa hapo karibu," mama alimwambia. "Wewe kusoma unajua?"

"Najua, mama."

"Nisomee hii meseji kwanza. Sina mtu wa kunisomea."

Ndivyo alivyosema. Mimi nipo hatua tatu kutoka hapo, pazia la maua katikati yetu.

"Ni ya bahati nasibu, mama. Wanasema umekaribia kushinda pikipiki."

"Waambie wanipe bajaji."

Tarsis alicheka, akashindwa kujizuia, na mama naye akacheka kidogo. Nikauma upindo wa khanga yangu. Mzaha ule ulikuwa wangu miaka minne. Niliona jinsi ulivyonitoka, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Sasa nisomee hiyo fomu. Yote, hata mihuri."

Akasoma yote. Mama akamhoji kama hakimu.

"Moshi utapita wapi?"

"Napikia gesi, mama. Na bomba la jikoni nimelipandisha juu ya bati."

"Pombe?"

"Hakuna."

"Kitimoto? Nguruwe?"

"Mama, nyama yangu naichukua kwa Haruna wa buchani, anachinja Kiislamu. Wateja wangu nusu ni ndugu zako."

"Utafunga saa ngapi?"

"Saa moja jioni. Mimi mwenyewe naamka saa kumi alfajiri, usiku sina."

Nilisikia mama akizungusha tasbihi yake.

"Sina ubaya na mgahawa wako," alisema. "Ungekuja siku ya kwanza ukanisomea hivi, ningetia dole na ugali ningekuomba. Lakini sasa sitii."

"Sawa, mama."

"Usiseme sawa kabla hujasikia. Binti yangu hajawahi kunidanganya tangu alipovunja birika akiwa na miaka sita. Leo amenidanganya, na sababu kanificha. Nikitia dole, nimetia juu ya sababu nisiyoijua. Upofu wa macho umenitosha, mwanangu, sitaki na mwingine. Wewe unaijua hiyo sababu?"

"Siijui, mama."

"Unaikisia?"

"Ya kukisia siyo yangu kuyasema, mama."

"Basi chukua fomu yako. Kama mwenye sababu hajaniambia hadi kesho saa sita, tutakuwa majirani wa kawaida, na vyumba vyako vitakuwa vya kulala."

Nilimsikia akiikunja ile fomu. Sasa mambo yalikuwa mepesi kuyaelewa hata kwa mjinga kama mimi. Kibali cha Tarsis hakikuwa tena halmashauri wala kwa mtendaji. Kilikuwa kooni kwangu. Nikasukuma pazia nusu, nikaona kisogo cha Tarsis na mikono yake iliyoungua imeshika ile karatasi, nikalirudisha. Mguu ulikataa. Mficha uchi hazai, nilijiambia. Mguu ukakataa na methali yake.

Nikachukua simu yangu. Nilikuwa naomba asiondoke kabla sijamaliza, kwa maana kila neno nililiandika mara mbili. Alikuwa ameshaanza kuvaa viatu, "Basi, mama, nakuaga," nilipobonyeza kutuma.

Kisimu cha mama kikalia.

"Hao wa bajaji tena," mama alisema. "Nisomee ya mwisho ndipo uende."

Tarsis akasoma, "Mama, nisamehe."

"Nani huyo?"

"Ni... imetoka kwa Ummy."

Tasbihi ikasimama. "Soma."

"Mama, nisamehe. Nilisema sijui, na nilikuwa najua. Niliona haya. Niliogopa nikikuomba dole kwa mdomo wangu utaisikia sababu kwenye sauti." Akanyamaza.

"Mbona umenyamaza? Imeishia hapo?"

"Hapana, mama."

"Basi hujalipwa kupumzika. Soma."

Nilikuwa nimeegemea ukuta, khanga usoni, masikio yanawaka moto.

"Sababu ni kwamba nampenda Tarsis," alisoma, polepole, kama mtoto anayetambua herufi. "Yeye hajanituma, na hajawahi kuniambia neno lolote. Kosa ni langu peke yangu. Usimnyime riziki kwa aibu yangu. Mimi mwanao, Ummy."

Nje mkokoteni ulipita ukigonga mashimo. Mtu akauliza bei ya kitu upande wa pili wa barabara, akajibiwa.

"Soma tena," mama alisema. "Na wewe usije ukawa unanisomea lisilokuwemo."

Akasoma tena. Safari hii alipofika kwenye jina lake sauti ilimkatika, akakohoa, akalirudia jina. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, lile sikio lake limemwelekea. Hakuwa anasikiliza meseji peke yake.

"Na wewe je?" alimuuliza. "Au na wewe hujui?"

"Najua, mama," alisema Tarsis. "Najua tangu mwezi wa pili."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

"Hilo lina wenyewe," mama alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Lina dini, lina mjomba wake, lina wazee wako huko Kibosho. Mimi sijalijibu. Msije mkaanza kunywa chai pamoja mkidhani nimelijibu."

"Ndiyo, mama."

"Fomu yako ni kitu kingine. Wino unao?"

"Ninao, mama."

"Ummy!" aliita. "Toka huko nyuma ya pazia. Unapumua kama cherehani."

Nilitoka. Sikuweza kumtazama Tarsis, nikamtazama mama, ambaye hakuhitaji kutazamwa na bado ndiye aliyenifanya nitamani kujifunika. Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe."

"Nimesikia, nimesomewa mara mbili. Bado inauma." Alinyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu, dole gumba juu. "Macho yako siyataki kwa sasa. Atanisomea huyu hadi nitakapoamua mwenyewe. Nataka mkono tu. Nipeleke mahali pa dole."

Nikaushika. Ulikuwa mwepesi na wa moto. Nikagusisha dole lake kwenye wino, Tarsis akaishika fomu mapajani pake ili isipeperuke, nami nikalileta dole hadi kwenye kile kisanduku kidogo, taratibu, vidole vyangu karibu na vyake vilivyoungua. Mama hakubonyeza.

"Tarsis," alisema, "amenileta penyewe?"

Tarsis aliitazama karatasi, akakisoma tena kichwa chake cha habari kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaniinulia macho, nami kwa mara ya kwanza tangu ile glasi sikuyakwepa.

"Ni penyewe, mama."

Ndipo mama akabonyeza.